Gari Lililoundwa Lisisikike

Mwaka 2017 kanisa letu la Doornfontein, mjini Johannesburg, liliamua kwamba mchungaji wetu atawazwe kuwa askofu. Nasema kanisa liliamua kwa kumstahi tu. Aliyeota ndoto ni yeye. Alitusimulia Jumapili moja, na Jumapili iliyofuata kamati ilikuwa imeshaundwa. Tulikuwa tukisali katika ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa zamani kiwanda cha viatu. Waumini wengi walikuwa Wakongo, pamoja na sisi Wakenya wachache tuliovutwa na Kiswahili tukabakizwa na kwaya. Mimi nilikuwa nafundisha uhandisi wa mitambo chuo kikuu, kwa hiyo chochote chenye waya, bomba au gurudumu kililetwa kwangu. Nilikuwa nimeshatazama jenereta, kinanda, na friji ya mke wa mchungaji.

Ndani ya ndoto kulikuwa na gari.

“Gari ya wafalme,” alisema. “Ya zamani, kubwa, iko na macho makubwa.”

Kumbe mzee mmoja wa kanisa, fundi wa kushona viti vya magari, alikuwa ametoka kumaliza kazi kule Jeppestown kwa daktari wa meno mstaafu, mzungu, aliyekuwa na gari la namna hiyo hasa. Kazi ya fundi ilitangulia ndoto kwa wiki moja hivi. Hakuna aliyelichunguza jambo hilo.

Tulikwenda kuliona, mchungaji na mimi, nikiwa mkalimani. Lilikuwa limeegeshwa katika karakana ya matofali mekundu, refu kama chumba cha kulala, rangi ya buluu iliyokolea. Taa zake za mbele hazikukaa penye pua kama za magari mengine. Ziliota juu ya madigadi, kama macho ya chura. Daktari alikuwa na nywele nyeupe na mikono safi kupita kiasi, na alilieleza gari lake kama mtu anayeeleza ukoo wake.

Kampuni iliyoliunda, alisema, ilianza kwa kutengeneza vizimba vya ndege. Kisha makabati ya barafu, kisha baiskeli, na mwishowe magari ya matajiri wa Marekani, hata marais wakayapanda. Bodi ilikuwa ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu kama sufuria. Injini ilikuwa na silinda sita, kila moja nene kama ndoo.

“Na vizimba?” mchungaji aliniuliza pembeni. “Hiyo usitafsiri kanisani.”

Daktari akafika kwenye usukani, uliokuwa kulia. Huko Marekani watu hupita upande wa kulia wa barabara, na watengenezaji karibu wote walikuwa wameshauhamishia kushoto ili dereva aone yanayomjia. Hawa waliuacha kulia miaka na miaka. Sababu yao ni kwamba dereva wa bwana mkubwa ashukie moja kwa moja kando ya barabara, akamfungulie bwana mlango. Yanayokuja mbele yangejijua yenyewe. Gari lilikaa nchini kwake likiwa na kasoro hiyo mpaka lilipovuka bahari na kufika Johannesburg, ambako tunapita kushoto, na hapo ghafla likawa sahihi.

Kisha daktari akabonyeza na kuvuta vitu kadhaa, akaendelea kuzungumza kwa sauti ileile.

“Mwambie aiwashe,” mchungaji alisema.

“Imeshawaka, Baba.”

Akainama, akaweka kiganja juu ya boneti, akakinyanyua haraka kama aliyegusa mgonjwa. Mimi nilikuwa nimefurahi hata nikasahau kutafsiri. Wahandisi wale walikuwa wameshinda vita vigumu kuliko vya mwendo: waliifanya injini kubwa vile inyamaze. Tajiri wa enzi zile alilipia ukimya. Ningemweleza hivyo mchungaji wetu, lakini alikuwa ameshaingia kiti cha nyuma, anajaribu kupunga mkono.

Daktari alikubali kutuazima kwa sharti kwamba aendeshe mwenyewe na mtu asimharakishe. Sharti la pili lilinihusu mimi: tangi la petroli lilikuwa nyuma, chini, na mafuta yalifika kwenye injini kwa kusukumwa na upepo. Mtu wa mbele alipaswa kuutia kwa pampu ya mkono mara shinikizo liliposhuka. Mchungaji alimhakikishia kwamba kanisa lina injinia.

Siku ya kutawazwa niliketi mbele na kitenge changu kipya, nikipiga pampu. Nyuma alikaa mchungaji katika kanzu ya zambarau. Kutoka Jeppestown hadi kanisani si mbali, lakini yeye aliagiza tuzungukie Braamfontein, penye chuo kikuu, ili wasomi nao waone. Hakufikiria kwamba Jumapili asubuhi wasomi hulala. Tulimpungia mkono mfagiaji mmoja na basi tupu la mwendo kasi.

Kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita hapa taa za barabarani, daktari alipata wazo la kutuonyesha ufundi wenyewe. Gari hili, alisema, linaweza kutembea mwendo wa mguu likiwa katika gia ya juu kabisa, bila kutetemeka wala kuzimika. Akalionyesha. Akaendelea kulionyesha mtaa baada ya mtaa.

“Mama injinia,” mchungaji alisema, “iko na shida?”

“Hapana, Baba. Hiyo ndiyo sifa yake.”

“Mwambie sifa tumeiona.”

Nilimwambia. Daktari akanikumbusha sharti la kwanza. Kwaya yetu, iliyopangwa kutembea nyuma ya gari ikiimba, ikachoka na mwendo huo, ikatupita kandokando na kutuacha.

Tulipofika hapakuwa na mtu kwenye mlango wa chini. Ngoma, magitaa na spika za juu zilikuwa zinatikisa madirisha, na gari letu lilisimama chini yake kama paka. Mchungaji aliomba honi. Daktari akaubinya mpira wa honi, ikatoka sauti ya bata mwenye mafua. Hakuna aliyechungulia. Basi tukapanda ngazi, na juu tukamkuta kijana wa mlangoni aliyekuja na mhubiri mgeni kutoka Pretoria.

“Samahani, baba,” alisema kwa upole. “Maombi yameshaanza. Subirini kidogo hapo.”

Mchungaji alisubiri katika mlango wa kanisa lake, kofia mkononi. Maombi yalipoisha tukaingia kwa mlango huohuo wa nyuma. Mhubiri mgeni akamwona, macho yakamlenga machozi.

“Tazameni,” alisema kwenye kipaza sauti. “Wengine huja kwa ving’ora. Mtumishi huyu amekuja kimyakimya, akasimama nyuma kama mtoza ushuru.”

Kanisa likalia. Wamama wakatandika vitenge sakafuni apite juu yake. Yeye akatembea polepole, kichwa chini, na sijui hadi leo alikuwa akificha hasira au alikuwa ameshaanza kuamini. Mwaka mzima uliofuata alituhubiria unyenyekevu. Alirudi nyumbani kwa Toyota ya mweka hazina, taa za dharura zikiwaka pande zote.

Daktari alikula pondu, kisamvu cha Kikongo, na samaki, akaongeza, na akawaeleza wamama habari za vizimba vya ndege bila mkalimani. Walicheka mahali pote panapostahili.

Alasiri nilimsindikiza Jeppestown, maana bado gari lilihitaji mtu wa pampu. Karibu na hosteli ya vibarua wahamiaji alisimamisha, akashuka, akazunguka.

“Sasa nipige pampu mimi,” alisema.

Nikashika usukani. Klachi ilikuwa nzito, nikakwangua gia mara moja, naye akafumba macho. Kisha likaondoka. Nilikuwa nimechora injini ubaoni miaka mingi, mishale ya kuingia na mishale ya kutoka, lakini sikuwahi kuhisi nguvu kubwa vile ikitulia chini ya nyayo zangu. Wanaume waliokaa nje ya hosteli wakanyanyuka kutazama. Mmoja akaniuliza kwa Kizulu kama linaenda kwa betri. Nikatikisa kichwa, nikacheka, nikaingiza gia ya juu.