Mkono wa Mfukoni

Fundi redio wa mtaa wetu hatulii. Huizunguka meza, hupuliza vumbi lisilokuwepo, hukaza skrubu aliyokwisha kuikaza, kazi yote kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hautoki mfukoni. "Umeme usije ukapata njia ya kupitia moyoni," husema. Amplifaya ya marehemu baba, iliyolala stoo miaka na miaka, aliiunganisha na umeme kupitia balbu.

"Si uiwashe tu!" mama akafoka.

"Mama, aliyelala sana haamshwi kwa kofi. Balbu ikizidi kung'aa, ndani kuna shoti. Ikififia, tumepona."

Balbu ikawaka kali. Fundi akahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Ikafifia, spika ikavuma taratibu. Mama akampa mkono. Fundi akasita, kisha akautoa wake mfukoni. Ulikuwa ukitetemeka. Mama akaufumbata kwa viganja viwili, hakuuachia.

"Haya, mwanangu," akasema, "weka muziki."