Waliokinga Mvua Kando ya Ziwa

Siku tuliyomwaga chai ya kambi nzima, nilikuwa nimechoka hadi nyayo. Tulikuwa tumeshinda mlimani tukichimba mitaro ya kuzuia udongo kwenye shamba la mama mmoja mjane wa Nyamyumba, kwa sababu kambi yetu ya vijana wa kanisa haikuwa ya kuimba tu. Asubuhi tuliimba, mchana tulishika majembe, jioni tuliimba tena, na katikati ya hayo yote tulitafuta kuni. Mimi ni mtu wa kucheka. Lakini wiki ile hata kucheka kulinichosha mbavu.

Mahema yalipangwa kwa sekta, yaani kata tunazotoka. Kulikuwa na hema la wa mjini Gisenyi, la Busasamana, letu sisi wa Bugeshi, na la wenyeji wa Nyamyumba, ambao nyumba zao zilionekana pale pale juu ya barabara, ila walilala hemani kama sisi ili wasipitwe na utani. Maana utani ndio uliokuwa kazi yenyewe ya kambi. Kinyarwanda kilikuwa cha sala na cha kuombana chumvi. Cha kutaniana kilikuwa Kiswahili, kile chetu cha mpakani, tulichokiokota kwa wazazi waliorudi kutoka Congo na kwenye soko la Goma.

Jirani yangu wa hema la Nyamyumba alikuwa binti wa mvuvi, rika langu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye katikati ya ziwa. Siku tulipofika alitusimamia tukishusha magunia ya viazi kwenye kamioneti, mikono kiunoni.

"Bantu ya Bugeshi, karibuni! Na matope yenu mumeibeba?"

"Tumeleta kidogo," nikamjibu, "juu tupande viazi apa kwenu. Minaona munalimaka mawe tu."

"Mawe na sambaza, dada. Sambaza! We ulishakulaka samaki, ama ulionaka tu picha?"

Hema lake likapiga makofi, na langu likazomea, na mimi nikacheka kuliko wote. Hakujua kwamba nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wake.

Nilikuwa nimekuja kambini na jambo langu. Shangazi, dada yake marehemu baba, ana kibanda cha chai hapo Nyamyumba, karibu na chemchemi za maji ya moto, pale watu wanapokuja kukanda migongo yao. Anauza chai, mandazi na vidagaa vya sambaza vya kukaanga. Kabla ya kambi alinitumia ujumbe kwamba anahitaji mtu wa kukaa naye, na siku ya kwanza kambini nilikimbia kumsalimu. Aliniambia bila kuzunguka:

"Kitanda iko, kazi iko. Lakini unipe jibu mbele ya kambi kuisha, mwana wangu. Iko binti mwingine ananiomba kila siku."

Ningeweza kumjibu palepale. Kichwani mwangu meza zake nilishazipaka rangi ya kijani, nikaning'iniza pazia mlangoni, nikaandika ubaoni bei ya chai ya tangawizi. Jioni nilikuwa nikilala hemani na kuongeza vitu: redio ndogo, maua kwenye kopo la nyanya, mgeni wa mbali anayesema hajawahi kunywa chai kama hii. Shule yangu iliishia njiani, ila ya kuota sijaiacha bado.

Na nilikuwa nimechoka na kwetu. Hilo nalisema kwa upole, maana ni kwetu. Bugeshi iko juu, chini ya volkano, na baridi yake huingia kwenye mikono ya sweta kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Udongo wetu mweusi unaotoa viazi vizuri hivyo unakunywa mvua yote bila kuacha hata kijito. Bomba lipo, mbali, na siku nyingine linatoa upepo. Kwa hiyo maji yetu ni yale ya juu. Mvua ikigonga bati, mtu wa kwetu hafikiri. Anaacha alichoshika na kukimbilia vyombo. Nimekua hivyo. Mama na mimi ndio tuliobaki nyumbani, kaka zangu wako Kigali, na mgongo wa mama si ule wa zamani. Siku nilipoondoka kuja kambini aliniambia, akiwa anamenya viazi bila kuinua macho: "Tanti yako akikupa kazi, baki kule. Usirudi juu yangu, mi nitajiweza."

Basi nilikuwa na ruhusa. Nilichokosa ni mdomo wa kusema ndiyo, na sikuelewa kwa nini.

Sasa ile chai. Tulirudi kutoka mlimani tumelowa jasho, majembe mabegani, hakuna aliyetania mwenzake. Wa Busasamana walikuwa na zamu ya jikoni, na walikuwa wamepika chai ya maziwa kwenye masufuria mawili makubwa ya kambi. Watu wote walijitupa chini kwenye nyasi, vikombe mkononi, wakisubiri ipoe kidogo. Mimi na wenzangu wa Bugeshi tulikuwa karibu na jiko kwa sababu sisi hata kando ya ziwa tunatafuta moto.

Mvua haikutoa taarifa. Ilianguka kwenye turubai la jikoni kwa kishindo, na ile sauti, jamani, ni ileile ya bati letu. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nimeshika mpini mmoja wa sufuria na mwenzangu ameshika wa pili, chai inakwenda kwenye nyasi ikitoa moshi, na sisi tunaliweka sufuria tupu chini ya pembe ya turubai pale maji yanapomiminika. Nyuma yetu wengine wawili wa kwetu walikuwa wanamalizana na la pili. Mmoja alikuwa anapanga vikombe. Binti mdogo kuliko wote alikuwa amevua kofia yake na kuikinga.

Nilipogeuka, kambi nzima ilikuwa imesimama kwenye mvua ikitutazama. Nyuma yao ziwa Kivu, lote, hadi milima ya Congo.

Mwalimu wetu, kiongozi wa kambi, aliyekulia Tanzania na kuongea Kiswahili cha vitabu, alikuja taratibu akiwa ameshika kikombe chake kikavu.

"Binti zangu," akasema, "hivi mmemwaga chai ya watu wote ili mkinge maji?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hili lililo nyuma yangu mlidhani ni nini?"

Hapo ndipo binti wa mvuvi alipokaa chini. Alikaa chini kabisa kwenye matope kwa kicheko. "Mana we! Ziwa iko apa! Bomba iko pale! Na bo banakinga kofia! Bon, basi tutakunywa nini sasa, Mama Masufuria?"

Tulikunywa maji ya mvua yaliyochemshwa, yasiyo na majani wala maziwa. Tangu siku ile jina langu kambini lilikuwa Mama Masufuria. Wingu likipita tu, hema zima la Nyamyumba lilipiga kelele, "Bugeshi, vyombo!" Na aibu yangu ni kwamba kila waliposema hivyo, miguu yangu ilishtuka kweli.

Kambi yetu ina desturi. Jioni ya mwisho kila hema linasifu kwao mbele ya wengine, na anayesema hachaguliwi na hema lake; anachaguliwa na majirani. Wanamchagua yule wanayejua watamcheka zaidi. Hema linaloshindwa linaosha vyombo vyote vya kambi asubuhi ya kuondoka, na baada ya wiki ya moto wa kuni masufuria yale yalikuwa meusi kama kichwa cha treni. Wote tulikuwa tumechoka. Hakuna aliyetaka kuosha hata kijiko.

"Bugeshi atasema Mama Masufuria," binti wa mvuvi akatangaza kabla hajaulizwa.

Yeye mwenyewe alichaguliwa na wa Gisenyi na akasema kwanza. Aliigiza baba yake akiimba na kupiga makasia, aliigiza sambaza wakijadiliana ndani ya wavu nani atoke kwanza, aliigiza mzungu akitumbukiza kidole kwenye maji ya moto. Tulilia kwa kicheko. Wa Gisenyi akasifu taa za mjini akaambiwa umeme ukikatika anabaki na nini. Wa Busasamana akasifu njegere zao. Kisha mimi.

Nilikuwa nimeandaa volkano, viazi, maziwa. Nilianza na volkano.

"Ni baridi!" wakaimba.

"Viazi vyetu..."

"Matope!"

"Maziwa ya kwetu..."

"Mulimwaga!"

Nikacheka nao, halafu nikaona sina kitu kingine nilichoandaa, na uchovu ulikuwa umenikalia mabegani. Kwa hiyo nikaeleza tu kile kitu walichonichekea. Niliwaambia mvua ikianza kwetu, mama anaita jina langu mara moja, haiti mara ya pili. Yeye anachukua masufuria na beseni, mimi nalibingirisha pipa la bluu, lile linalolala ndani ya nyumba kwa sababu la kwanza liliibiwa, naliweka kwenye pembe ambapo mfereji wa bati umepasuka. Tunasimama chini ya upenu tukiwa tumelowa, tunasikiliza. Pipa lina sauti yake. Mwanzo linapiga kama ngoma, halafu linanyamaza taratibu, na likinyamaza ujue limejaa. Siku hiyo mama anachemsha maji mengi, mengi kweli, anaweka miguu ndani ya beseni na mimi naweka ya kwangu humohumo, na tunakaa hivyo mpaka maji yapoe. "Siku zingine maji ni ya kupika," nikasema. "Siku ya mvua ni ya miguu."

Nilikaa chini. Haikuwa sifa. Hakuna aliyecheka, na katika mchezo ule kutochekwa ni kushindwa. Mwalimu akahesabu mikono, akakohoa. "Bugeshi mtaosha," akasema.

Asubuhi tulibeba masufuria hadi ukingoni mwa ziwa, tukayasugua kwa mchanga na majivu. Mgongo uliniuma. Binti wa mvuvi alitukuta huko, akapandisha kitenge, akaingia majini bila kusema kwa nini, akachukua sufuria kubwa kuliko yote.

"We si mulishinda?" nikamwambia.

"Nyamaza, osha." Akasugua. Baada ya muda akasema, chini, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Mi nimechoka na hii ziwa, unajua? Kila siku harufu ya samaki kwa nywele. Nilikuwa nafikiri bantu ya kule juu munalalaka tu na kukunywa maziwa."

"Na mi nilikuwa nafikiri apa munaogaka tu."

Tukacheka kidogo, cheko la watu waliochoka. Ndipo alipoinua macho. "Angalia kwenu."

Juu ya milima ya upande wetu wingu lilikuwa limekaa, zito, jeusi chini. Hapa ziwani jua lilikuwa linawaka. Sikusikia kitu, ilikuwa mbali mno, lakini nilijua kabisa kinachoendelea: mama anaita jina langu mara moja.

Nikaosha mikono nikaenda kwa shangazi. Alikuwa anafuta zile meza, na hazikuwa na rangi yoyote.

"Tanti, asante sana. Sitaweza."

Alinitazama. "Ni mama yako njo amekukataza?"

"Hapana. Yeye ameniambia nibaki."

"Donc ni nini?"

Nilitaka kumweleza habari za pipa, ila niliona atanicheka kama siku ile ya chai. Nikasema tu, "Nani atakuwa naye, Tanti?"

"Ile nafasi haitakungojea," akasema, si kwa hasira. "Yule binti anakuja leo."

"Najua."

Akanifungia mandazi kwenye gazeti. Niliyala yote kwenye kamioneti, njia nzima ya kupanda, nikiwa nimekaa juu ya magunia matupu. Sitasema nilikuwa na furaha. Kila kona niliona meza ya kijani ikirudi nyuma.

Tulipofika kwetu nilishuka nikatembea kile kipande cha mwisho kwenye matope. Manyunyu yalikuwa ya mwishomwisho. Mama alikuwa amekaa kizingitini, nguo zimemlowa mgongoni. Uani kulikuwa na vyombo: sufuria ndogo, bakuli, kikombe, beseni la kunawia. Vile anavyoweza kuvibeba. Kwenye pembe ya mfereji uliopasuka hakukuwa na kitu, maji yalikuwa yamejichimbia shimo na kuzama.

"Umerudi," akasema. "Si nilikuambia ubaki?"

"Uliniambia."

"Kule ziwani maji ilikosa?"

"Iko mingi, Mama. Mpaka wananicheka."

Nikaweka mfuko chini, nikaingia ndani, nikalibingirisha pipa la bluu hadi kwenye pembe yake. Nilipolisimamisha mvua ilikuwa imekatika. Tone moja likaanguka ndani, likapiga kama ngoma. Nikaliacha hapohapo, nikaja kukaa karibu na mama, nikavua viatu.