Sifa ya Kijapani kwa Maji Yaliyochoka

Keti karibu unisikilize, wewe unayeanza kazi ya ukalimani. Kazi hii nimeifanya hadi nywele zikawa nyeupe, na nataka uifanye vizuri kuliko mimi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika ofisi ya tarafa, Nyeri, miaka michache baada ya uhuru. Karani Mkuu alinisimamisha kando ya meza yake akaniambia niwe mdomo tu, nisiongeze wala nisipunguze. Kazi yenyewe ni hivi: mtu anasema kidogo, ananyamaza, nawe unayarudisha maneno yake kwa lugha ya pili kabla hayajapoa. Baadaye nilihamishiwa Karatina kwa Afisa wa Soko, aliyetaka kila malalamiko kwa sentensi moja. Huko nilijifunza kufupisha, na katika kufupisha nikaanza kupamba.

Kisha nikapelekwa kwenye skimu ndogo ya kumwagilia mpunga, huko chini kwenye joto. Jina lake naliacha. Mtaalamu wa Maji alikuwa Mjapani, mtu mpole, mwenye Kiingereza cha maneno machache. Alipofurahishwa na usemi wa mtu alisema kwa lugha yao, "Iiete myoo." Alinieleza kwamba ni sifa ya maneno yaliyopatia kabisa, mpaka msikilizaji anashangaa. Hakuitoa ovyo. Niliitamani kuliko kupandishwa cheo.

Katika skimu ile mkulima hakuruhusiwa kugusa lango la mtaro. Fundi ndiye aliyelifungua, kwa amri ya Mtaalamu. Na mkulima aliyekosa kuvuna misimu miwili alinyang'anywa leseni ya shamba. Mama Nyambura, mjane aliyelima mwisho wa mtaro, alikuwa amekwisha kosa msimu mmoja. Siku ya baraza alisimama akasema kwa Kikuyu kwamba lango la juu ya shamba lake limezibwa na matope, kwamba mpunga unachanua wiki hii, na kwamba waje walizibue kabla ya Ijumaa.

Nikasema kwa Kiingereza: "Mama anasema maji yakifika kwake huwa yamechoka."

Mtaalamu akanitazama. "Iiete myoo," akasema polepole, akayaandika yale maneno katika daftari lake. Meneja wa skimu akacheka, akasema kumbe tuna mshairi hapa, akamwita mkulima mwingine.

Nje, Mama Nyambura alinishika mkono.

"Umewaambia, kijana?"

"Nimewaambia, mama. Wamependa sana. Hata Mjapani ameandika."

"Sikuuliza kama wamependa. Wanakuja lini?"

Nikamwambia watakuja. Mlango wa baraza ulikuwa bado wazi, na Mtaalamu alikuwa anakunja ramani zake. Ningerudi ndani ningelazimika kukiri kwamba maneno aliyoyasifu hayakuwa ya mama, yalikuwa yangu. Sikurudi.

Ijumaa ikapita. Mpunga ulikauka ukiwa na maua, na leseni ikaenda kwa mtu mwingine. Usemi wangu uliwekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ya Mtaalamu, nami nikapendekezwa kwa kazi ya mkoa, Nyeri, ambako nilibaki hadi kustaafu.

Nilimwona Mama Nyambura mara moja tu baada ya hapo, sokoni Karatina, akifanya kibarua cha kuosha nduma, yale magimbi. Alipangusa mkono kwa leso ndipo akanisalimu.

"Wewe ulijaribu, kijana wangu," akasema. "Ni wao walikataa."

Sikumsahihisha. Nilinunua nduma nikaenda zangu, na sasa hayupo tena wa kuambiwa. Watu hunisifu bado kwa ulimi wangu, hasa kwenye harusi. Kila wakinisifu naona lile lango na matope yake, na najua nusu saa ya jembe ingetosha.

Wewe bado una nafasi, na ninakuamini. Mtu akiomba kitu, taja kwanza anachoomba na siku anayokitaka, kwa maneno makavu kama alivyosema mwenyewe. Kisha uliza, "Mtakuja lini?" na usikae chini mpaka ajibiwe.