Kenya ikicheza, Mama Ashley hutolewa nje

Saa tisa alasiri, kantini ya kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Sironga, Kaunti ya Nyamira, imejaa hadi madirishani. Harambee Stars wanacheza mechi ya kirafiki. Lorna Nyakerario anaingia na birika la chai, anatupia jicho runinga, na kabla hajajua timu ipi ni ipi, Obwocha, fundi wa boila la mvuke, ananyoosha kidole kuelekea mlangoni bila hata kugeuka.

"Mama Ashley, tafadhali. Watu wanatafuta goli."

Lorna anaweka birika mezani na kutoka. Habishani. Anakwenda jiko la nje, nyuma ya kantini, anachukua mwiko na kukoroga sufuria ambayo haihitaji kukorogwa.

"Nimezoea," anasema, kisha anatikisa kichwa. "Hapana, sijazoea. Nikuambie ukweli, mimi hata sielewi ni nini kilinipata."

Lorna, 46, ni mpishi hapa kwa mwaka wa kumi na moja. Huwapikia wafanyakazi zaidi ya themanini: chai ya maziwa saa nne, ugali na mboga ya chinsaga mchana, chai tena alasiri. Kuhusu mpira hakujua ndewe wala sikio. Mumewe, Nehemiah Ratemo, ni shemasi wa Kanisa la Waadventista kule Manga, na redio ya nyumbani kwao ni ya kwaya na taarifa ya habari.

Kisha mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani yakaletwa Kenya, Tanzania na Uganda, Agosti 2025, na kiwanda kizima kikapagawa.

Siku ya mechi ya kwanza, Lorna akiwa jikoni, alisikia kishindo akadhani boila imepasuka. Alikimbilia ndani na mwiko mkononi, akakuta watu wazima wamepanda juu ya meza, wengine machozi yanawatoka. Goli lilikuwa limeshaingia. Mechi ya pili alitoka kuleta sukari, goli. Ya tatu alitoka kufukuza mbuzi wa jirani, goli tena. Obwocha ndiye aliyejumlisha mambo.

"Huyu mama akiwa ndani, vijana wanapiga mpira nje tu," anaeleza Obwocha, uso mkavu kabisa. "Akitoka, unaingia. Tumeona na macho yetu. Hiyo si uchawi, ni vile iko."

Sharon, karani wa ofisini aliyesomea takwimu chuoni, aliwacheka wote. Mechi ya nne, goli likiwa limekawia, yeye ndiye aliyemfungulia Lorna mlango.

"Mimi siamini hayo mambo," alimwambia. "Lakini toka tu kidogo."

Lorna akatoka. Kenya ikafunga.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba alianza kutaka. Alijikuta akiuliza majina ya wachezaji. Akauliza kuotea ni nini, akaelezwa na watu watatu kwa mpigo, akabaki gizani kuliko mwanzo. Lakini jambo moja alilijua vizuri: alitaka kuona goli la Kenya likiingia, akiwa ndani na wenzake, na yeye aruke.

"Sharon alinionyesha goli baadaye kwa simu," anasema. "Hiyo si goli, hiyo ni habari. Kila mtu ameshamaliza kuruka."

Robo fainali dhidi ya Madagaska iliangukia Ijumaa jioni. Kwa Lorna, jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, na michezo inakoma. Alikubali kubaki jikoni mpaka jua lizame. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Kenya ikafunga, naye yuko nje, bila shaka. Hapo uzalendo ukamshinda. Alichungulia, akaingia, akajibanza kwenye benchi la nyuma.

Haukupita muda refa akaipa Madagaska penalti, wakasawazisha. Vichwa vyote vikageukia benchi la nyuma.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema.

Alirudi nje. Dakika tisini zikaisha kwa sare ya bao moja kwa moja, mechi ikaingia muda wa nyongeza, na jua likawa linateremka nyuma ya milima ya Manga. Obwocha alimfuata hadi langoni akimsihi: "Mama, usiende. Usifanye kazi, hata uombe tu, lakini kaa hapa." Lorna akapanda bodaboda.

Nyumbani familia ilipiga magoti kufungua Sabato, na Lorna ndiye aliyeomba. Nehemiah anakumbuka vizuri. "Aliombea wagonjwa, akaombea walio safarini, halafu akaombea miguu ya vijana wetu. Nikafungua jicho moja."

Baada ya amina Lorna alitega sikio upande wa madukani. Kenya ingeshinda, Manga yote ingesikia. Palikuwa kimya. Akajua Kenya imetolewa, na akalia.

"Nehemiah aliniuliza, nani amekufa? Nalia juu ya mpira, siku ya Sabato! Sijui kama ni dhambi, sijui kama ni mimi nilisababisha. Mpaka leo sijui."

Kazini walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kosa lake ni kuchungulia, wengine kwamba ni kwenda nyumbani. Hakuna aliyemtukana, lakini kwa wiki nzima chai ilinywewa kimyakimya, na hilo lilimuuma.

"Nikiingia, makosa. Nikitoka, makosa. Sasa nisimame mlangoni, mguu mmoja ndani?" anauliza, na si mzaha. "Nehemiah anasema Mungu hapangi magoli kwa kutumia mpishi. Namwamini. Lakini juzi Kenya ilipocheza, hata yeye aliniuliza kama nilikuwa ndani ama nje."

Ghafla kantini inalipuka. Lorna anaangusha mwiko, anakimbia, anafika mlangoni wenzake wakiwa tayari wamekumbatiana. Obwocha anatoka mbio na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mama! Asante sana!"

Lorna anatabasamu. Tabasamu halidumu. Anarudi jikoni, anaokota mwiko na kuusuuza taratibu kuliko inavyohitajika.

"Umeona?" anasema.

Kombe la Afrika la 2027 linatarajiwa kuchezwa hapa hapa Afrika Mashariki, na Lorna ameshamwambia mumewe mpango wake. Ataomba ruhusa siku za mechi za Kenya na kumwachia mtu mwingine jiko. Ataingia kantini bila aproni, akae kiti cha mbele kabisa. Ikiwa Ijumaa, ataondoka jua likizama; ikiwa Jumamosi, hatakuja mpaka jua lizame tena. Siku nyingine zote hatoki, hata Obwocha apige magoti.

Na Kenya ikishindwa?

Lorna anatazama mlangoni, ambako wenzake bado wanaimba.

"Watanilaumu," anasema. "Lakini safari hii wanilaumu nikiwa ndani."