Shangazi Alipokaa Juu ya Ziwa

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kimamba, barafu ilikuwa kitu kigeni kuliko treni. Treni tuliizoea, ilipita, tukaipungia mikono, basi. Barafu ilikuja pale biashara zilipofunguliwa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa ghafla sabuni za kila rangi, na mzee mmoja wa karibu na stesheni akaleta friji. Alifunga maji ya ubuyu kwenye vifuko vya nailoni, yakaganda, nasi tukayanyonya tukitoka shule mpaka ulimi unakufa ganzi. Ukizembea, inakuchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Watoto wa siku hizi wanafungua friji, wanaangalia, wanasema hamna kitu.

Nilikuwa darasa la tano, nikiishi na Bibi, mama yake baba. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo barua zote nilimsomea mimi. Mwaka huo shangazi yangu Mwajuma, kitinda mimba wake, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya wageni kule Mikumi, alialikwa Ufini na mtu na mkewe waliowahi kukaa pale muda mrefu wakichunguza tembo. Walikuwa wamempenda, wakamkatia tiketi akawatembelee miezi mitatu, wakati wa baridi yao.

Barua ya kwanza ikafika. Niliisoma kwa sauti ya darasani: "Mama, juzi tulisafiri kwa gari hadi kwenye ziwa. Ziwa lote ni barafu. Tulitembea kwa miguu mpaka katikati, tukatoboa tundu, tukakaa hapo kuvua samaki."

"Rudia hapo," Bibi akasema.

Nikarudia.

"Amekaa juu ya nini?"

"Juu ya ziwa, Bibi."

"Kwenye mtumbwi?"

"Hapana. Kwenye barafu."

Bibi akanituma stesheni nikalete barafu. Nilirudi mbio kabla haijaisha. Akaichana nailoni, akaitia kwenye karai la maji, akaweka juu yake punje moja ya mahindi. Tukachuchumaa kutazama. Punje ikakaa kidogo, ikateleza, ikazama. Baada ya muda hata barafu yenyewe haikuwepo.

"Subhanallah," akasema Bibi. "Kama ni ngumu ya kukaliwa na watu, wameitoboaje? Na kama inatoboka, inawabebaje?"

Nilimwuliza mwalimu wa jiografia, akasema nchi za baridi maji huganda, akaendelea kuandika ubaoni. Kuganda nilikujua. Kukaliwa ndiko kulikonishinda.

Bibi akaanza kukonda. Asubuhi, kabla sijavaa sare, alikuwa amekwisha kaa mkekani na barua mkononi: "Hebu soma tena, mjukuu wangu. Pengine ulikosea."

Barua ya pili ilipokuja, niliipitishia macho kwanza. Shangazi alikuwa amerudi ziwani. Safari hii walikaa siku mbili kwenye kibanda kilichojengwa hukohuko juu ya barafu, na aliisikia ikilia chini yake kama mlango mbovu. Nikamtazama Bibi, shingo imemtoka mishipa. Nikasoma: "Mama, mimi mzima. Nashinda ndani, napika. Nawasalimu wote."

Bibi akashusha pumzi. Siku hiyo alikula ugali na mlenda, akaomba aongezewe. Ya tatu nayo niliisoma vivyo hivyo.

Shangazi akarudi, amenawiri, nyumba ikajaa majirani. Baada ya shikamoo na marahaba, akacheka, akasema, "Mama, ulishangaa habari za yule samaki niliyekuandikia? Mrefu kama mkono, na barafu inalia chini yetu!"

Bibi akanigeukia. Mimi macho kwenye ukili wa mkeka.

"Nilishangaa sana," akajibu taratibu. "Mjukuu wangu alinisomea vizuri."

Hapo nilichanganyikiwa kuliko siku ya karai. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Wageni walipoondoka, Shangazi akiwa ameingia bafuni, Bibi akaniita.

"Kazilete barua. Soma zote. Usiruke."

Nilisoma nikilia. Alisikiliza mikono magotini, akishtuka kila pahala pa kushtuka, ingawa mwenye barua tulikuwa tunamsikia uani akijimwagia maji. Nilipomaliza akasema, "Hofu ilikuwa yangu. Nani alikutuma unipunguzie?"

Kisha akanivuta, akanilaza kichwa mapajani pake. Mpaka leo sijui kama nilisamehewa au nilikemewa.

Majuzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu watu wamekaa juu ya ziwa jeupe, nyuzi zao zimezama tunduni. "Kawaida tu, Bibi," akasema, akatelezesha kidole, likaja jambo jingine kabla sijavaa miwani sawasawa. Sisi barua moja ilitukalisha chini miezi, tukabishana nayo, ikatukondesha. Wao wameona maziwa yote ya dunia kabla ya chai ya asubuhi. Pengine wamebahatika. Lakini nawatazama, nashindwa kujua ni yupi kati yao aliyewahi kushindwa kula kwa ajili ya mtu aliye mbali.