Mwaka Niliosugua Benchi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika uwanjani Changamwe na ndoo, kipande cha sabuni na makumbi ya nazi. Wenzangu waliosajiliwa pamoja nami walikuja na viatu vya mpira tu. Wewe uliyesajiliwa juzi nakuomba uvumilie nieleze habari ya ndoo ile, kwani karibu yote niliyoyajua baadaye yalianzia hapo.

Siku iliyotangulia, Kocha Mkuu alituita mmoja mmoja kutia sahihi mkataba wa msimu mmoja. Alikuwa mtu wa bara, sauti ya upole na uso mgumu. Zamu yangu ilipofika alinitazama kuanzia miguuni, akasema, "Kijana, wewe utasugua benchi mwaka mzima. Ukichoka, useme."

"Naam, Kocha," nikajibu. "Sitachoka."

Sisi wa Likoni twajiona ndio wenye Kiswahili, na wa bara tumewaazima. Kusugua kwetu ni kusugua: sufuria, sakafu, mwiko. Tena kule Shika Adabu nilikozoea kucheza hapakuwa na benchi. Wachezaji wa akiba walisimama nje ya mstari wakitafuna muwa. Sikujua kwamba katika timu kubwa mtu akikaa nje mechi baada ya mechi bila kuingizwa, husemwa anasugua benchi. Nilidhani ni kibarua cha mchezaji mgeni, na vibarua nilikuwa nimevizoea. Basi nikalisugua. Lilikuwa ubao mrefu chini ya mabati, na kunguru walikuwa wamelifanya choo chao kwa miaka.

Nahodha aliponikuta nimepiga magoti na povu limenifika kwenye viwiko, alicheka hata akakaa chini. Tangu siku hiyo jina langu likawa Makumbi. Kocha Mkuu hakucheka. Aliuliza nani amenituma.

"Ni wewe, Kocha."

Aligeuza uso, na nikaona mabega yanamtikisika. Aliponirudia alikuwa mkavu vilevile. "Sawa. Hapo umesafisha ndipo utakaa. Na kila mechi ikiisha, utaniambia umeona nini."

Kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua. Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la saba, nikaacha shule na kwenda kubeba magunia ghalani, ili wadogo zangu watatu wasiache. Nilipopata timu, nyapara wa ghala, yaani msimamizi wetu wabebaji, alinipa mkono na sharti: "Nafasi yako nitakuwekea mpaka ligi ifike nusu. Zaidi ya hapo nitamchukua mwengine."

Kwa hiyo nilikuwa na nusu msimu. Nikicheza, timu ingenipa mkataba mwengine. Nisipocheza na ghala nikalipoteza, mmoja wa wadogo zangu angeacha shule, na huyo angekuwa Mwanasha, aliyenifuatia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa tayari kujitolea.

Nilikaa. Mchezaji mgeni hudhani anayekaa benchi amepumzika. Wallahi, sijawahi kuchoka ghalani kama nilivyochoka pale. Unapasha mwili, yaani unakimbia kandokando ya mstari ili misuli ipate moto, kisha unarudi kukaa inapoa. Nami nilikuwa beki wa kushoto, kazi yangu ni kumzuia winga wa upande wa pili asipite pembeni. Beki tuliyekuwa naye alikuwa mzima wa afya na hodari kunishinda. Niliwaombea wote afya njema, ila yeye nilimwombea kwa kusitasita.

Baada ya kila mechi Kocha aliniuliza nimeona nini. Mwanzoni nilisema tumecheza vizuri, au tumecheza vibaya. Akanirudisha: "Hayo hata muuza maji ameona." Polepole nikajifunza kumtazama mtu mmoja kwa dakika tisini. Kulikuwa na winga mmoja wa wapinzani aliyetutesa sana katika mzunguko wa kwanza. Nilimwambia Kocha kwamba yule hushusha bega la kulia kama anayefuata mstari, kisha hukata ndani. Kocha alinitazama tu, akaenda zake.

Ligi ikafika nusu, sijagusa mpira katika mechi hata moja. Nyapara akaleta salamu kwamba ananisubiri Ijumaa. Nikamwendea Kocha nikamuuliza nitacheza lini.

"Sijui," akasema. "Beki wangu ni mzima na anakushinda. Nikikuambia lini, nitakuwa nakudanganya. Lakini jina lako naliandika kila mechi, na siandiki jina la mtu simhitaji."

Niliyachukua maneno hayo hadi nyumbani, nikawaambia wadogo zangu kwamba Ijumaa narudi ghalani. Mwanasha alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Kaka, dawati uliliwacha kwa ajili yetu," akasema. "Hilo benchi usiliwache. Viazi vya karai nitauza nikitoka shule, na vitabu nitasoma papo hapo jikoni. Lakini ukirudi kubeba magunia kwa sababu yangu, mimi shule siendi tena."

Nikamjua ni dadangu kwelikweli. Ijumaa sikwenda.

Nilicheza mechi tatu kabla ya msimu kwisha. Beki wetu alifungiwa kwa kadi za njano, na wapinzani walikuwa wale wenye winga wa bega. Mara ya kwanza aliposhusha bega nilikuwa nimeshasimama ndani nikimngoja. Mara ya tatu aliniuliza, "Wewe umetoka wapi?" Nikamwambia nimetoka benchi. Hatukushinda, tulitoka sare bila bao, na magazeti hayakunitaja. Kocha Mkuu alipita mbele yangu akasema, "Naona benchi imesuguka." Juma lililofuata nilitia sahihi mkataba wa pili, na Mwanasha akafanya mtihani wake wa mwisho.

Nilicheza misimu tisa. Goti lilipokataa, Meneja wa Timu akanifanya msaidizi wa kocha wa akiba, kisha mlezi wa wachezaji wapya. Kila msimu niliwapokea vijana wa Mjambere, wa Likoni, na wa bara wenye Sheng yao, kila mmoja ametangaza mtaani kwamba Jumamosi atacheza. Niliwaambia ukweli kama nilivyoambiwa. Mwaka wa kwanza pengine hutacheza. Mbele yako yupo anayekushinda, naye pia ana wadogo zake. Wengi watakaotia sahihi nawe hawatakuwapo baada ya misimu miwili, na hilo halitakuwa aibu yao. Waeleze watu wa nyumbani mapema, ili wasikungoje kwenye redio. Wapo walionichukia kwa hayo. Waliobaki, wengi wao walijua kutazama.

Nilipostaafu, uwanja ulikuwa umeletewa viti vya plastiki vyenye migongo. Waliniuliza nataka zawadi gani ya kuagwa, nikaomba ule ubao wa zamani. Sasa uko barazani kwangu Shika Adabu. Mwanasha, ambaye leo ni mwalimu mkuu, akija huukalia na kusahihisha madaftari ya watoto wa watu.

Kunguru wa huku nao hawajashika adabu, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi natoa ndoo na makumbi. Kocha Mkuu aliniambia nitasugua benchi mwaka mzima. Alikosea hesabu tu.