Gari la Wagonjwa Lililokosa Pumzi Mlimani

Mambo yaliharibika Alhamisi ya tarehe kumi na nne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Gari la wagonjwa la kituo cha afya lilikuwa linapanda mlima kwenda hospitali kubwa, ndani yake mna mama mwenye uchungu wa siku ya pili. Katikati ya mlima ukasikika mlio kama wa tairi kupasuka. Matairi yote yalikuwa mazima. Injini ikaendelea kunguruma, moshi mweusi ukatanda barabara nzima, na gari likakosa nguvu hata ya kumpita mtu anayetembea kwa miguu.

"Nilikanyaga mafuta mpaka goti likauma," anasema dereva. "Gari linalia, haliendi. Nyuma, mama naye analia. Sikujua nimsikilize nani."

Mama yule aliokolewa na lori la mchanga. Alipandishwa mbele, nesi akambana ubavuni asianguke, na mtoto akazaliwa dakika saba baada ya kufika hospitali. Wote wazima. Wapo wake za watu ambao siku yao halikupita lori la aina yoyote, na hakuna mkubwa aliyeulizwa.

Safari hii aliulizwa dereva. Baada ya siku nne alipewa barua yenye mhuri: amesimamishwa kazi kwa uzembe, ameunguza tabo ya injini ya gari la umma, asubiri kuitwa na kamati ya nidhamu. Mtu huyo amekaa kwenye usukani ule miaka kumi na tisa.

Na gari? Gari lilikaa uani wiki mbili likimsubiri mzabuni, yaani yule aliyepewa na wakubwa kazi ya kutengeneza magari ya umma. Mzabuni alisema inatakiwa tabo mpya. Tabo mpya inataka kibali. Mwenye kutoa kibali yuko semina. Muuguzi mkuu wa kituo akachoka kusubiri, akaagiza gari livutwe mpaka kwa fundi wa barabarani, chini ya bati lenye matundu. "Wakitaka kuniandikia barua, waniandikie na mimi," alisema.

Sasa ni saa moja asubuhi. Fundi amelala chali chini ya gari hilo, zinaonekana soli za viatu tu. Dereva ni kaka wa mke wake, na amekaa juu ya pipa tupu, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja msibani.

"Nikushikie tochi, shemeji?" anauliza.

"Usiguse! Wewe umesimamishwa. Ukigusa gari la umma watakuandikia barua ya pili."

Dereva anacheka. Ni mara ya kwanza anacheka tangu Alhamisi ile.

Fundi ana miaka hamsini na nane. Ishirini na sita kati ya hiyo aliitumikia karakana ya umma, mpaka wakubwa walipoifunga na kuwaambia mafundi kumi na mmoja kwamba kazi itafanywa na mzabuni kwa ubora zaidi. Leo karakana ile ni stoo ya viti vilivyovunjika. Yeye anangoja riziki kando ya barabara, wiki nyingine magari sita, wiki nyingine hata moja halisimami.

Watu wanamwita Kitambaa. Sababu yake utaiona.

Kwanza anaeleza, kwa lugha ambayo hata asiyejua kufungua boneti anaelewa. Tabo ni feni inayosukuma hewa kwa nguvu ili injini ya dizeli ipate kuvuta mzigo. Hewa hiyo inatoka ya moto, kwa hiyo inapitishwa kwenye kipozeo kilicho mbele ya gari, wenyewe mafundi wanakiita intakula, ndipo inaingia kwenye injini. Njia yote hiyo imeunganishwa kwa mipira minne minene. Mipira minne, ncha nane.

"Hewa hii inabeba oili kidogo," anasema. "Ni jasho la injini, hata gari jipya linalo. Ndiyo maana mpira wake una ngozi ya ndani isiyodhurika na oili. Sasa tazama hawa watu wa mzabuni waliweka nini."

Anautoa mpira wa chini. Umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Anaubonyeza, kidole kinazama. Huu ni mpira wa maji, wa rejeta. Kwenye maji ungekaa miaka. Kwenye oili umekaa wiki tano, ukalainika, ukachomoka mlimani hewa ilipousukuma.

Fundi anapitisha kidole kwenye mdomo wa bomba, ananusa. Uso wake unabadilika.

"Grisi! Walipaka grisi ili mpira uingie upesi." Anatikisa kichwa. "Kama umepaka grisi ili uingie upesi, basi na kutoka utatoka upesi."

Halafu anafanya jambo ambalo mzabuni hakulifanya. Anaingiza vidole viwili kwenye tabo, anashika mhimili wa ile feni, anautikisa juu na chini, kulia na kushoto. Anafumba macho. Barabarani magari yanapiga honi, muuza vocha anagombana na mtu, yeye hasikii kitu.

"Shemeji," anasema polepole, "tabo hii haijaungua. Haina kosa lolote. Umesimamishwa kazi kwa ugonjwa ambao gari halina."

Dereva anasimama, anakaa tena.

Kazi yenyewe inachukua siku nzima, na ni kazi ya kutazamwa kwa adabu. Fundi anaosha midomo yote minane kwa petroli, anaifuta, anaiosha tena. Anapitisha kidole gumba kikavu, na bomba linalia kama sahani iliyooshwa ikasuuzika. Lisipolia, anarudia. Mipira mipya, ya aina inayotakiwa, muuguzi mkuu ameipata kwa kuchangisha manesi wenzake. Inaingizwa mikavu, kwa nguvu za mikono na jasho. Vibano anavikaza kidogo kidogo, huku na huku, kwa sababu kibano kilichokazwa kwa hasira kinaukata mpira.

Kisha anaziba njia ya hewa upande mmoja, upande wa pili anaunganisha pampu ya tairi, anajaza, na kupaka povu la sabuni kila kiungo. Tunasubiri kiputo. Hakuna kiputo.

Fundi mwingine angefunga boneti. Huyu anatoa mfukoni vipande vya shuka jeupe, anafunga kimoja kimoja kwenye kila ncha.

"Sabuni inapima gari lililolala," anasema. "Mimi nataka kujua linapopanda mlima."

Shuka ni la mke wake, ambaye ameleta chakula na amesimama mikono kiunoni.

"Mume wangu, shuka zinaisha. Tutajifunika magazeti."

"Ni kwa ajili ya kaka yako."

"Basi chana na foronya."

Fundi anashika usukani, muuguzi mkuu anakaa pembeni. Wanapanda mlima ule ule, gia ile ile, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Wanarudi. Boneti inafunguliwa na vichwa vinainama. Vitambaa saba ni vyeupe. Cha nane, pale chini kwenye intakula, kina doa dogo la oili kama punje ya ulezi.

Wengi tungesema limepona. Fundi analichukia doa lile. Anafungua tena, anapapasa mdomo wa bomba kwa ncha ya kidole, macho juu, na baada ya muda mrefu anasema, "Huyu hapa." Ni mkwaruzo wa bisibisi, mwembamba kuliko unywele, wa yule yule aliyepaka grisi. Anausugua kwa msasa laini, anaosha, bomba linalia, anafunga.

Wanapanda mara ya pili. Injini inavuta kwa sauti moja, nene, bila kukohoa. Wanaporudi, muuguzi mkuu mwenyewe anahesabu kwa sauti mpaka nane. Vyote vyeupe, kama vimetoka kuanuliwa.

"Nimefanya kazi na madaktari miaka thelathini," anasema. "Sijaona anayempima mgonjwa hivi."

Kamati ya nidhamu ilikaa Jumatano iliyofuata, watu watano nyuma ya meza ndefu. Fundi aliingia na kopo. Ndani yake vipande viwili vilikuwa vimelala kwenye oili siku sita, kimoja cha mpira unaotakiwa, kingine cha mpira wa maji.

Mkuu wa usafirishaji, mmoja wa watano hao, alimtazama kuanzia viatuni. "Wewe nani? Fundi wa barabarani anatafuta nini hapa?"

"Shikamoo, mkuu. Nilikuwa fundi wenu. Barabarani mlinipeleka ninyi."

Aliomba wabonyeze wenyewe. Mwenyekiti akabonyeza cha kwanza, kigumu kama kipya. Akabonyeza cha pili, kikakatika mikononi mwake kama mkate uliolowa. Mwanakamati mmoja, mama wa makamo, akaomba na yeye ashike. "Na hiki ndicho mlichokifunga kwenye gari la wazazi?" aliuliza, na hakumwangalia fundi alipouliza.

Hapo muuguzi mkuu akatoa fomu kwenye faili la gari. Ni fomu ya kupokea mipira ile, ya wiki tano kabla ya ajali ya mlimani. Imeandikwa waziwazi: mipira minne ya rejeta, ifungwe kwenye tabo. Chini, mahali pa mkubwa aliyeidhinisha, pana sahihi. Jina halikuandikwa.

Gari limerudi barabarani, linaendeshwa na dereva wa kuazima. Dereva mwenyewe bado yuko nyumbani, anafagia uwanja ambao umeshafagiwa. Kesi yake, wanasema, inafanyiwa kazi.

"Sitaki pole," anasema. "Nataka barua nyingine, yenye mhuri kama ile ya kwanza, iseme sikuunguza kitu."

Kitambaa anasema atakwenda tena, na ataendelea kwenda, mpaka barua hiyo itoke. Jumatano ile, fomu ilizungushwa mezani. Kila mmoja alivaa miwani, akaitazama, akamsogezea wa pili. Mkuu wa usafirishaji aliitazama muda mfupi kuliko wote. Fomu ikazunguka mpaka ikafika mikononi mwa fundi, naye akaiweka katikati ya meza, akaweka kidole juu yake, akawauliza watu watano waliosoma kuliko yeye:

"Wakubwa zangu, hii sahihi ni ya nani?"